Bwana Kimya wa Chumba cha Uani

3 Machi

Mwanangu Chiriku,

Hujambo? Mimi sijambo, ila goti linanikumbusha umri kila nikiinuka. Naandika kwa sababu kila nikikupigia simu unaninong'oneza, "Mama, niko kazini," nami sijazoea kuzungumza na mtu anayenong'ona kama mwizi.

Tangu ule mlipuko wa kituo cha treni, sebule yangu siku ya Alhamisi imegeuka ukumbi. Wanakuja wapangaji wote, anakuja Kinyozi wa kona na wateja wake, tunakaa kimya kumsikiliza binti yangu na hicho kipindi chake, Jicho la Jirani. Baba yako angekuwepo angevaa koti. Juzi uliposema kwamba gaidi hana pembe, kwamba huenda mnachota maji bomba moja, watu waligeuka wakatazama mlango.

Na mimi niligeuka. Kuna mpangaji wa chumba cha uani, alihamia baada ya wewe kuondoka. Ni mtu mzima, fundi wa umeme, anaishi peke yake. Salamu anatoa, ndoo ananibebea, lakini maneno utadhani anayanunua. Tulimbatiza jina la Bwana Kimya, mwenyewe akacheka tu. Sasa Alhamisi ulitaja dalili: mtu asiyependa wageni chumbani, aliyeziba dirisha, anayenunua nyaya na betri, anayeacha taa ikiwaka mpaka asubuhi. Mwanangu, ulikuwa kama unamsoma yeye. Nilipotaka kuingia kuona dari linalovuja, alisimama mlangoni akasema atalitengeneza mwenyewe. Na mle ndani kuna kitu kinalia tik, kinanyamaza, kinalia tena.

Kinyozi anasema tupige ile namba inayopita chini ya kioo. Mwalimu wa chumba cha mbele anasema tumwache mtu wa watu. Wewe uliyeyasomea haya unasemaje?

Mama yako

*

9 Machi

Mama, shikamoo.

Nimecheka hapo pa kunong'ona. Samahani, huku hata chooni tunanong'ona, huwezi kujua kipaza sauti cha nani kimesahaulika wazi. Kipindi kinakwenda vizuri kupita tulivyoota. Mkurugenzi alishuka mwenyewe studio kunipa mkono, yeye ambaye kwa kawaida hata salamu haitikii.

Kuhusu huyo mpangaji, mimi si polisi. Lakini kila mtaalamu tunayemwalika anasema neno lile lile: asiye na hatia hapotezi kitu kwa kuulizwa maswali. Piga ile namba. Hawamtaji mpigaji. Wakikuta hana jambo watamwachia jioni, naye atakunywa chai yake, nawe utalala usingizi wako. Tahadhari kabla ya hatari, wewe ndiye uliyenilea na hayo maneno.

Mwalimu usimwambie. Watu wa namna yake hubishana mpaka moto ufike darini.

Wako,
Chiriku

*

17 Machi

Mwanangu Chiriku,

Nilipiga.

Walikuja mchana, na gari la televisheni yenu likaja nao. Nani aliwaambia, sijui. Kamera ilikuwa imeshaingia uani kabla polisi wa mwisho hajashuka garini. Bwana Kimya alikuwa anaanika shati. Hakukimbia. Walimlaza chini kwenye tope la bomba, mmoja akamkanyaga shingo, naye akawa anazungusha macho ananitafuta. Aliponiona akasema, "Mama mwenye nyumba, waambie mimi ni mpangaji wako." Nilikuwa nimesimama mlango wa jikoni. Sikusema kitu.

Kisha kijana wenu akanisogezea kipaza sauti, akaniahidi uso hautaonekana. Nikasema tunamwita Bwana Kimya kwa sababu alikuwa mkimya mno, na tulikuwa tunamwogopa. Ukweli ni kwamba kabla ya Alhamisi ile hatukuwahi kumwogopa. Sauti yangu mliifanya nzito, kama mwanamume aliye ndani ya pipa, lakini mtaa mzima uliijua.

Walipoondoka niliingia chumbani. Unajua nimefua mashuka ya hospitali miaka mingi, doa nalijua kabla ya kuliinamia. Sakafu nzima ilikuwa kiini cha yai. Alikuwa ametengeneza mashine ya kutotoleshea vifaranga, Chiriku. Sanduku la mbao, balbu za kutia joto, feni ndogo, na saa ya kumkumbusha kugeuza mayai. Waliibinua. Mayai mengine yalipopasuka yalikuwa na vifaranga walioanza kuota manyoya.

Na kwenye ukuta wa uani kuna maandishi niliyoyaandika kwa mkono wangu: HAKUNA KUFUGA. Ndiyo maana aliziba dirisha. Alikuwa ananificha kuku.

Jioni mlionyesha nyaya, betri na saa, vimepangwa juu ya meza. Meza ile ni ya jikoni kwangu, waliiazima. Yai hata moja sikuliona. Tafadhali, waambie watu yalikuwa mayai.

Mama yako

*

22 Machi

Mama, shikamoo.

Kwa nini hukunijulisha kwamba umepiga? Nilikuwa kwenye kiti, niko hewani, taarifa ikaletwa, nikaanza kuisoma, na kwenye kioo nikaona mlango wa jikoni kwetu, ule wa kijani aliopaka Baba. Nilisoma nikamaliza.

Mhariri mkuu hajui kwamba ile ni nyumba yetu, na nakusihi asijue. Watasema nilijitengenezea habari. Kuhusu mayai nilimuuliza kwa kuzunguka, kama mtu aliyesikia uvumi. Akacheka. "Gaidi naye hula," akasema, na chumba kizima kikacheka naye. Nilicheka na mimi, Mama, nisikufiche.

Hilo jina la Bwana Kimya limewapendeza mno. Wamelitungia hadi muziki, ule unaopigwa kabla ya tangazo. Naona watu wanadhani ni jina alilopewa na wenzake huko msituni.

Uchunguzi unaendelea, na mambo yakiwa kwa polisi sisi hatuna ruhusa ya kusema lolote. Vuta subira kidogo. Kama ni mayai tu, haki yake itakuja yenyewe.

Chiriku

*

30 Machi

Mwanangu,

Unasema hamna ruhusa ya kusema lolote. Basi yale mnayoyasema kila jioni yanaitwaje?

Watoto wa mtaa wana mchezo mpya. Mmoja anakuwa Bwana Kimya, wengine wanamlaza chini. Kinyozi amepata wateja kupita siku zote. Anawaeleza jinsi alivyomgundua kwa kovu la kisogoni alipokuwa akimnyoa, na kijana wenu amekuja kumrekodi. Bwana Kimya hakunyolewa pale hata mara moja, alikuwa anajinyoa mwenyewe kwa kioo cha dirishani kwangu. Nilimwambia Kinyozi hivyo mbele ya watu. Akanijibu kwa upole, kama anayejibu mgonjwa, kwamba hofu imenisahaulisha.

Mwalimu amehama. Nilimuuliza kama anaogopa chumba cha uani. Akasema, "Yeye sikumwogopa. Nawaogopa nyinyi."

Nikafunga maganda ya mayai kwenye kitambaa, nikaenda nayo kituo cha polisi. Mkuu wa kituo ni mtu mstaarabu, alinipa kiti. Akasema wao walijua ni mayai siku ya pili tu, lakini nchi nzima imeshamwona gaidi, na juu yake wapo wakubwa waliompongeza mbele ya kamera. Nani aanze kutia sahihi? Nikamuuliza kama huyu mtu hana ndugu. Anaye dada, fundi cherehani katika mji wa pili, tumbo moja, baba mmoja. Walimpigia simu. Hajafika.

Wewe una dakika nyingi za kusema kila siku, na sauti yako watu wanaiamini. Mpe huyu mtu sentensi moja.

Mama yako

*

6 Aprili

Mama, shikamoo.

Naandika kwa haraka, gari linanisubiri. Ninafuatilia lile jambo letu. Mpaka sasa polisi hawajatuletea kitu, na bila neno lao mhariri hawezi kunipa hata sekunde. Likija tu nitakuwa wa kwanza kulisoma.

Nimesikia utapata mpangaji mpya wa chumba cha mbele. Mungu ni mwema. Dawa ya goti nimeituma kwa dereva wa basi, paka asubuhi na jioni, wala usiifunge kwa kitambaa.

Wako,
Chiriku

*

15 Aprili

Kwako binti yangu,

Nilikuona jana ukisoma. Nitakueleza kwanza yale ambayo hukuyasoma.

Walimwachia Jumatatu. Mchana nikasikia mtu anabisha langoni, nikamkuta amesimama nje, hataki kuingia mpaka nimkaribishe. Amekonda, na jicho moja halifunguki. Nilimpa kiti na maji. Tangu wamchukue nilikuwa nimejipangia maneno ya kumwambia, yote yakaniruka. Akaanza yeye. Akasema, "Mama, nisamehe. Nilivunja sheria ya nyumba yako."

Nilidhani ananikebehi. Hakuwa ananikebehi. Alisema alikusudia kunieleza vifaranga wa kwanza wakitoka, aniletee jogoo na mitetea ili nilainike. Hakuniuliza nani alipiga simu. Sikumwambia.

Vyombo vyake vya kazi nilikuwa nimemhifadhia kwenye gunia. Nilimwomba alale, aondoke asubuhi. Akachungulia langoni, akawaona wateja wa Kinyozi wameshasimama barabarani wametuelekea, akasema hapana, atakwenda kwa dada yake. Akaniomba nimsindikize hadi stendi. Mtu akiongozana na bibi mwenye mkongojo watu hawamtazami mara mbili. Nilisema goti. Goti lilikuwa linauma, lakini si kiasi hicho.

Nimesimuliwa kwamba stendi kuna mtu alimkazia macho, akaita lile jina. Akageuka, kama mtu yeyote anavyogeuka akiitwa. Wakamzunguka. Alisema ameachiwa, akawaomba wapige simu polisi wahakikishe. Mmoja akafungua gunia, akatoa nyaya. Basi tena. Waliompiga walikuwa watu wa kawaida, wenye mizigo yao ya safari. Wengine walimaliza wakapanda basi.

Jioni ukatokea. "Mtuhumiwa wa ugaidi aliyejulikana kama Bwana Kimya ameuawa na wananchi wenye hasira." Hukukwama hata neno moja. Sauti yako ilikuwa nzuri.

Leo nimekwenda tena kituoni. Mkuu wa kituo alilia, mwanamume mzima na nyota zake begani. Akaniambia taarifa ya kumsafisha ilipelekwa kwenye vyombo vyote vya habari tarehe mbili, huku sahihi ya kumwachia ikisubiriwa, na ofisi yenu ilithibitisha kuipokea. Wewe umeniandikia tarehe sita kwamba hakuna kilicholetwa. Mmoja wenu ananidanganya, na aliyelia ni yeye.

Mama yako

*

21 Aprili

Mama,

Taarifa ilikuja. Niliisoma mimi kabla ya mhariri, nikampelekea mezani. Aliitupia jicho akasema, "Kukamatwa ndiyo habari. Kuachiwa ni karatasi." Akaiweka chini ya kikombe chake.

Nilikuwa naweza kupiga kelele, kupiga simu gazetini, au kukuandikia wewe ukweli. Nilikuwa nimeahidiwa kiti cha taarifa kuu ya habari, na kipindi kilikuwa kimepata mdhamini. Nikajiambia ataachiwa, atarudi kwao, dunia itasahau. Kazi hii inakufundisha jinsi watu wanavyosahau upesi. Haikunifundisha kwamba wanachosahau ni habari, na uso wanabaki nao.

Jumapili niliiacha karatasi niliyopewa. Nilitazama kamera nikasema yule mtu hakuwa gaidi, alikuwa fundi anayetotolesha mayai, polisi walishamsafisha, na sisi tulijua tukanyamaza. Nikasema aliyepiga simu ni mama yangu, na aliyemshauri apige ni mimi. Nilitaka niseme na jina lake halisi. Ndipo nikagundua kwamba silijui, Mama. Nilimsoma wiki hizi zote bila jina. Nikasita, na katika kule kusita wakanikata, wakaweka tangazo la sabuni.

Nimepewa barua ya kusimamishwa. Wenzangu walionizoea hawapokei simu. Sikuombi unitetee. Nakuomba ruhusa ya kuja nyumbani.

Bintiyo

*

4 Mei

Binti yangu,

Umenitaja mbele ya nchi bila kuniuliza. Sikulaumu. Na mimi nilimtaja mtu bila kumuuliza.

Utataka kujua watu wamepokeaje. Wengi hawakukuona, siku ile kulikuwa na mpira kituo kingine. Waliokuona wamegawanyika. Wapo wanaosema umehongwa na wenzake. Wapo wanaosema una haki ya kumtetea, alikuwa mpangaji wenu, bila shaka mlikuwa mnakula naye. Kinyozi anauliza, kama ulikuwa unasema kweli, mbona walikukatia? Anasema kuna siri pale. Hakuna hata mmoja aliyesema, "Kumbe tulikosea." Uliposema ni gaidi hawakukudai ushahidi. Uliposema si gaidi wanataka uwaonyeshe.

Langoni wameandika NYUMBA YA BWANA KIMYA kwa rangi nyeusi. Nilipaka juu yake, wakanipiga picha wakaisambaza, kisha wakaandika tena. Yule mpangaji wa chumba cha mbele aliona akageuza na godoro lake kichwani.

Ukitaka kuja, njoo. Chumba cha uani kiko wazi, hakuna anayekitaka.

Mwili ulikaa hospitali bila mwenyewe. Nilikwenda mimi. Mwalimu alisikia, akaja, tukasaidiana na wachimba kaburi wawili. Walituuliza sisi ni nani wake. Nikasema mwenye nyumba wake. Jina lake nililiona kwenye karatasi ya hospitali, na nikashtuka jinsi lilivyokuwa jina la kawaida. Sikuandikii hapa. Ukija nitakutamkia, ulirudie mpaka ulizoee.

Baada ya hapo nilifunga nguo zake na vile vyombo vichache polisi walivyorudisha, nikapanda basi kwenda kwa dada yake. Nilijiandaa kutukanwa. Nilitaka nitukanwe, nikwambie kweli. Njia nzima nilikuwa nawaza atanirushia kitu gani.

Ni mama mfupi, anashonea sebuleni, tepu shingoni. Nilipojitambulisha alisimamisha cherehani, akafunga mlango wa mbele, akanikalisha. Nikamwambia ni mimi niliyepiga simu. Akasema anajua, amenisikia kwenye televisheni mara zote mbili, ile ya sauti ya pipa na ile yako. Akaendelea kukunjua shati la kaka yake na kulikunja, kulikunjua na kulikunja.

Nikamuuliza kwa nini hakwenda kituoni walipomwita.

"Niliamini," akasema. "Tumenyonya ziwa moja mimi na yule. Nilimfundisha kutembea. Lakini walimwonyesha kila siku, na ule muziki, mpaka nikaanza kukumbuka mambo. Mbona utotoni alikuwa anapenda kukaa peke yake? Mbona alikuwa anafungua redio za watu? Nikajisemea, basi hata mimi sikumjua."

Nikamwambia alikuwa anakuja kwake siku ile. Akasema anajua na hilo. Alimpigia simu akiwa stendi. Ililia juu ya cherehani, akaona ni yeye, watoto wake wamekaa pale wanakula. Akaitazama mpaka ikanyamaza. Ikalia tena, akaigeuza uso chini.

Nilinyoosha mkono nimshike. Akauondoa taratibu, bila hasira. Akanishukuru kwa kumzika. Vyombo vya kazi alivikataa, nguo alizichukua, akaziweka chini ya vitambaa vya wateja mahali pasipoonekana.

Niliponyanyuka kuaga nikaelekea kwenye mlango nilioingilia. Akanizuia. Alikuwa ananong'ona kama wewe. Akasema majirani hapa hawajui kwamba yule wa kwenye televisheni ni kaka yake, na mimi sura yangu sasa inajulikana. Akaniomba radhi mara nyingi. Kisha akanishika kiwiko kwa sababu ya ngazi, akanitolea mlango wa nyuma.

Mama yako